Maswali Yenu: Ile Picha ya Dunia Nani Kaipiga, na Mnara Wangu Mbona Umelala?

Toleo lililopita niliahidi tutaongea picha za Dunia zinazopigwa kutoka anga za juu pamoja na picha za majengo ya kale, na barua zimekuja nyingi kuliko nilivyotegemea. Nimechagua nane, nyingi zilizobaki zinauliza mambo yale yale. Twende.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili. Darasani tumebishana kuhusu ile picha ya Dunia nzima ya duara, ya bluu. Mwenzangu anasema ni ya kompyuta na NASA wenyewe wameshakubali, mimi nasema imepigwa na watu. Nani yuko sahihi?

Marahaba mwanangu. Mko sahihi wote wawili, shida ni kwamba kila mmoja anaongelea picha yake alafu mnadhani ni moja.

Ya kwako ni ya tarehe 7 Desemba 1972. Ilipigwa na wanaanga wa Apollo 17, yaani Eugene Cernan, Ronald Evans na Harrison Schmitt, wakiwa wanaenda Mwezini, masaa kama matano tu tangu waruke na wameshafika kama kilomita 29,000 kutoka kwetu. Kamera yao ilikuwa Hasselblad ya filamu, filamu ya kusafishwa kwa dawa kama zile za studio za zamani, na NASA, yaani shirika la anga za juu la Marekani, wameiandika kwa jina la wote watatu. Kilichoifanya iwe ya pekee ni Jua. Lilikuwa nyuma yao, kwahiyo upande wote wa Dunia waliokuwa wanautazama ulikuwa umewaka, wakati safari nyingine za Apollo wengi waliona Dunia yenye giza upande mmoja kama mwezi mchanga. Humo unaona karibu pwani yote ya Afrika, Bara Arabu, Madagaska, alafu Antaktika nyeupe kabisa kwa sababu Desemba ndo kiangazi cha kule na jua halizami, na ukikaza macho kwenye Bahari ya Hindi karibu na India utaona kimbunga kinazunguka. Hiyo ni picha moja ya mbofyo mmoja, hakuna kilichounganishwa.

Ya mwenzako ni ya 2002. Hiyo ilitengenezwa na Robert Simmon na wenzake wa NASA kutokana na picha za setilaiti inayoitwa Terra, ambayo wakati huo ilikuwa inazunguka kilomita 705 tu juu yetu. Sasa fikiria, kwa umbali huo huwezi kuiona Dunia nzima hata ukitaka, ni kama kuweka uso sentimita chache kutoka kwenye mpira, unachoona ni kipande. Terra inapita ikipiga ukanda wenye upana wa kilomita 2,330, kwahiyo wakakusanya vipande vya miezi kadhaa, wakachagua vile visivyo na mawingu, wakavishona, mawingu wakayarudisha juu yake baadaye, kisha wakaivisha yote kwenye tufe la kompyuta. Ndo ile inayoonyesha Marekani ya Kaskazini katikati, na ilikaa kwenye kioo cha iPhone ya kwanza mwaka 2007, ndo maana watu wengi wameizoea kuliko ile ya Apollo. Simmon ameeleza hadharani hatua kwa hatua alivyoifanya, hakuna aliyekamatwa wala siri iliyovuja. Mimi siiti feki kwa sababu kila kipande chake ni cha kweli, ila ukweli ni kwamba hakuna jicho la mtu lililowahi kuiona Dunia ikiwa vile kwa wakati mmoja.

Nikupe na ya tatu ukamalizie ubishi. Mwaka 2015 ilirushwa setilaiti inaitwa DSCOVR, ikaenda kukaa kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, upande wa Jua, na kutoka pale ikawa inaiona Dunia nzima mchana. Kamera yake inapiga nyeusi na nyeupe kupitia vioo vya rangi, nyekundu, kijani, bluu, moja baada ya nyingine, alafu zinaunganishwa kupata rangi. Julai 2015 ilipiga Mwezi ukipita mbele ya Dunia, na kwenye ukingo wa Mwezi kuna kijistari chembamba cha kijani. Watu wakarukia kusema umeonaaa, fotoshopu hiyo! Kumbe Mwezi ulikuwa umeshasogea kidogo kati ya kioo kimoja na kingine. Ule mstari unakuonyesha picha ilivyopigwa, na mimi naupenda kuliko picha yenyewe.

Mbona picha za angani hazina nyota hata moja? Hapo ndo huwa napata mashaka.

Toka nje usiku umpige mtu picha chini ya taa kali kwa simu, alafu tafuta nyota kwenye hiyo picha, hutaziona na hazijaenda popote. Dunia na Mwezi vikipigwa na jua vinang'aa sana, kwahiyo kamera inafunguliwa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, la sivyo vitatoka vyeupe pe. Mwanga wa nyota ni mdogo, unahitaji sekunde kadhaa kamera ikiwa wazi na imetulia. Wanaanga wakitaka nyota wanazipata, wanasubiri wawe upande wa usiku na wanaacha kamera wazi muda mrefu.

Habari za kazi. Mimi ni mama mtu mzima. Binti yangu kaniletea picha kubwa ya Dunia inachomoza juu ya Mwezi, tumeitundika ukutani. Mkwe wangu anasema tumeitundika vibaya, kwamba inatakiwa ilale kwa ubavu. Naomba utuamulie.

Shikamoo mama. Iacheni hivo hivo ilivyo, ila mkwe wako hajasema uongo.

Picha hiyo ilipigwa tarehe 24 Desemba 1968 na William Anders, akiwa na Frank Borman na Jim Lovell kwenye Apollo 8, watu wa kwanza kuuzunguka Mwezi. Walitumwa kupiga picha Mwezi, Dunia haikuwa kipaumbele kabisa. Kwenye mzunguko wa nne chombo kikageuka na Dunia ikajitokeza dirishani, Anders akapiga moja kwa filamu nyeusi na nyeupe iliyokuwa kwenye kamera, alafu akawa anaomba haraka haraka apewe filamu ya rangi kabla haijapotea, Lovell akamtafutia, akapata ile unayoiona. Kwa jinsi walivyokuwa wanazunguka, Anders aliona ukingo wa Mwezi umesimama wima pembeni kama ukuta na Dunia iko kando yake. Waliochapisha ndo waliigeuza ili Mwezi uwe chini kama ardhi na Dunia ionekane inachomoza, kwa sababu sisi tumezoea vitu kuchomoza. Hata ile ya Apollo 17 niliyomwelezea huyo mwanafunzi, kwenye filamu kusini iko juu, wakaipindua ifanane na ramani. Huko juu hakuna juu wala chini mama.

Na kuna jambo hapa nataka ulijue uwasimulie wajukuu. Mtu akisimama Mwezini upande unaotutazama haoni Dunia ikichomoza wala kuzama. Mwezi unatuonyesha uso ule ule siku zote, kwahiyo kwake Dunia imebandikwa pale pale angani, inayumba kidogo tu. Kile kuchomoza kwenye picha yako kimetokana na chombo kutokea nyuma ya Mwezi. Yaani hiyo picha imebeba mwendo wa wale watu watatu ndani yake, ndo maana mimi nikiiangalia bado nasisimka.

Kaka, Ukuta Mkuu wa China unaonekana kutoka Mwezini au hauonekani? Shuleni tuliambiwa unaonekana na niliandika kwenye mtihani.

Hauonekani, na pole kwa hiyo alama. Maneno haya yalianza kabla mtu yeyote hajaenda juu, yamo kwenye maandishi ya Uingereza ya mwaka 1754, yaani watu walikuwa wanakadiria tu.

Tupige hesabu. Jicho zima la mtu linaweza kutofautisha kitu kama upana wake ni angalau sehemu moja ya 3,400 hivi ya umbali. Mwezi uko kilomita 384,000, kwahiyo kutoka kule kitu kiwe na upana wa zaidi ya kilomita 100 ndo kianze kuonekana kama kitu. Ukuta sehemu nyingi ni mita kama 5 au 6 hivi. Hata ukishuka mpaka kwenye kituo cha anga cha kimataifa kilichoko kilomita kama 400 juu, kuutafuta ukuta wa mita 5 ni sawa na kutafuta unywele mmoja ulioko mita 8 mbele yako, tena unywele wenye rangi ya zulia ulipolala, maana ukuta umejengwa kwa mawe na udongo wa hapo hapo. Barabara kubwa za lami na madaraja marefu yanaweza kuonekana ingawa nayo ni membamba, kwa sababu rangi inaachana na ya jirani yake. Kinachouficha ukuta sana sana ni rangi.

Yang Liwei, Mchina wa kwanza kwenda anga za juu, Oktoba 2003, aliulizwa aliporudi akasema hakuuona, na kwao ilikuwa habari nzito. Mwaka uliofuata Leroy Chiao akiwa kwenye kituo cha anga alipiga picha kwa lenzi ya milimita 180 upande wa Mongolia ya Ndani, na walipoichunguza huku chini wakakuta vipande vya ukuta vimo, ila yeye mwenyewe hakuwa na uhakika kama aliuona. Kamera iliona, jicho halikusadiki. Piramidi kubwa ya mji wa Giza kule Misri ndo ina nafasi nzuri zaidi kwa sababu kila upande wa kitako chake ni mita 230 hivi, tena asubuhi na jioni inarusha kivuli kirefu kwenye mchanga, na ukiwa na lenzi ndefu huko juu unaipata vizuri tu.

Naweza kutumia picha za NASA kwenye kalenda ninayotaka kuchapisha? Na za Mnara wa Eiffel?

Za NASA kwa kawaida ziko huru, hazina hakimiliki, ila usitumie nembo yao kana kwamba wamekuidhinisha, na angalia kama maelezo ya picha yanataja mwenye haki mwingine. Mnara wa Eiffel mchana piga chapisha, haki za umbo lake zilishaisha siku nyingi. Usiku ni habari nyingine kwa sababu taa zake zinahesabiwa kama kazi ya sanaa, kwahiyo kwa biashara unahitaji kibali cha kampuni inayouendesha. Ukipiga ya kumbukumbu yako usiku hakuna anayekusumbua.

Nimesafiri sehemu kadhaa na kila jengo refu ninalopiga linatoka limeinama kwa nyuma kama linataka kuanguka. Alafu nikitafuta majengo hayo hayo kwenye ramani ya setilaiti naona minara imelala chini. Simu yangu mbovu au?

Simu nzima kabisa, ni mahali uliposimama. Ukiwa karibu na mnara unainua simu iangalie juu ili uingie wote, hapo kitako kiko karibu na wewe na kilele kiko mbali, na cha mbali lazima kitoke kidogo, kwahiyo pande mbili zinakimbiliana juu. Dawa yake ni kurudi nyuma, rudi haswa, au panda ghorofa ya jengo la jirani ufike kama katikati ya urefu wa mnara, simu ikae wima haijainama popote. Wapigapicha wa majengo wana lenzi zinazoteleza kwenda juu bila kamera yenyewe kuinama na ndo wanapata zile kuta zilizonyooka kama rula. Programu ya simu nayo inanyoosha ila inakula pembeni, kwahiyo acha nafasi unapopiga. Ukienda Pisa ndo uwe makini zaidi, ule mnara umeinama nyuzi kama 4 tu siku hizi baada ya kazi ya kuunyoosha iliyoisha 2001, ila picha nyingi za watalii wameupiga kwa karibu ukaonekana umebakiza dakika mbili.

Ya setilaiti ni kitu hicho hicho kinyume chake. Setilaiti mara nyingi haiko juu kabisa ya jengo, imepita pembeni ikageuza kamera, kwahiyo inauona ubavu wa mnara na kilele kinasogea mbali na kitako. Mnara wa Eiffel una mita 330, kwenye picha ya namna hiyo unajilaza kweli kweli. Angalia na kivuli, ukikijua ni cha saa ngapi kinaweza kukupa urefu wa jengo. Alafu zile picha unazoona magari mpaka vioo, nyingi zimepigwa na ndege na sio setilaiti. Setilaiti kali za biashara kama WorldView-3 nukta moja ya picha ni sentimita kama 31 za ardhini, kwahiyo mtu ni nukta moja au mbili, sura haimo.

Picha za zamani sana za miji ya Ulaya, barabara hazina watu. Walikuwa wapi?

Walikuwa hapo hapo. Louis Daguerre alipiga barabara ya Boulevard du Temple mjini Paris mwaka 1838 kwa bamba la shaba lililopakwa fedha, na bamba lilihitaji dakika kadhaa za mwanga, kwahiyo aliyetembea na gari la farasi lililopita havikuacha alama. Kwenye kona ya chini kuna mtu mmoja kasimama mguu umeinuliwa, anang'arishiwa viatu. Alitulia muda wa kutosha akabaki, na anatajwa kama mtu wa kwanza kuonekana vizuri kwenye picha, bila yeye mwenyewe kujua.

Baba yetu alikuwa baharia, amefariki mwaka jana. Ameacha albamu nne za picha, nyingi ni majengo na sanamu za nchi alizopita, yeye kasimama mbele. Ndugu wanasema majengo hayo yapo mtandaoni kwa ubora zaidi, tubaki na za familia, hizo nyingine tuzitupe. Wewe unasemaje?

Poleni sana kwa msiba. Nasema msitupe hata moja, na nina sababu.

Machi 2001 zile sanamu mbili za Buda za Bamiyan kule Afghanistan, moja mita 55 na nyingine 38, zilizochongwa kwenye jabali karne ya 6 hivi, zililipuliwa na Taliban yakabaki mashubaka matupu. Watafiti wa chuo cha ETH Zurich, wakiongozwa na Armin Gruen, wakajaribu kuijenga ile kubwa ndani ya kompyuta. Walichotegemea zaidi ni picha zilizopigwa mwaka 1970 kwa kamera ya vipimo na profesa mmoja kutoka Graz, Austria, miaka 31 kabla, bila kujua zitakuja kuwa na kazi gani. Lakini walijaribu pia na picha za watalii, watu tu waliopita pale na kamera zao, na nazo zilitoa umbo, japo sio kwa usahihi ule ule. Ukiwa na picha za kitu kimoja kutoka sehemu tofauti kompyuta inalinganisha zinavyopishana na inarudisha kina chake. Mpigapicha mmoja hawezi kufanya hivo peke yake kwa picha moja, zinahitajika kadhaa zilizopigwa kutoka sehemu tofauti.

Za angani zinafanya kazi nyingine. Agosti 2015 hekalu la Bel kule Palmyra, Syria, lilipolipuliwa, habari zilikuwa zinapingana huku hakuna mwandishi anayeweza kufika, ni picha ya setilaiti waliyoichambua wataalamu wa Umoja wa Mataifa ndo ilithibitisha jengo kuu halipo, limebaki lango la kuingilia limesimama. Na Marekani walikuwa na setilaiti za kijasusi zilizoitwa CORONA, kuanzia 1960 mpaka 1972, zilizopiga kwa filamu kisha zikaidondosha ndani ya kopo lenye mwavuli na ndege ikalidaka likiwa bado hewani. Walikuwa wanatafuta makombora. Mwaka 1995 zaidi ya picha 860,000 zikafunguliwa kwa umma, na saivi watu wa akiolojia wanazitumia kuona vichuguu vya miji ya kale, yaani vilima vya udongo vilivyobaki pale miji ilipokuwa, na njia za zamani za Syria na Iraq jinsi vilivyokuwa kabla mabwawa hayajavifunika maji na kabla matrekta hayajasawazisha mashamba. Waliopiga hawakuwa na habari na vichuguu.

Kwahiyo hayo majengo yaliyoko mtandaoni ni kama yalivyo leo, na kwa upande ambao kila mtu anapenda kusimama. Baba yako alisimama kwake, mwaka wake, labda kuna ukuta nyuma yake umeshabomolewa, labda kuna nguzo ilikuwa bado ina kichwa. Hakuna tovuti yenye hiyo.

Fanyeni hivi. Skanini kila picha mbele na nyuma, nyuma usisahau maana ndo kuna mwandiko na muhuri wa studio. Andikeni kwa penseli laini na sio kalamu ya wino, mji, mwaka kama mnaujua, na kama hamjui andikeni meli aliyokuwa nayo, pasipoti na vitabu vya baharia vina tarehe za bandari na vitawasaidia kupanga. Albamu za plastiki zinazonata zinaharibu picha taratibu, zihamishieni kwenye bahasha za karatasi isiyo na tindikali. Mkiulizwa na chuo au makumbusho wapeni nakala, za asili zibaki nyumbani.

Na mtu akiwashauri mkate baba atoke ili jengo libaki peke yake msikubali. Mnajua urefu wake. Anayejua urefu wa mtu aliyeegemea ukuta anaweza kuupima ule ukuta.